Kibuyu cha Bi Sange na Muhuri wa Mwinyi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na mikono ya kushikia vitu na ndimi za kusengenyana, palikuwa na mji kando ya mto, ukiitwa Vichakani. Kila mtu alikuwa na nyumba yake, jiko lake na kitalu chake cha mchicha. Na kila mtu alijua jirani yake kapika nini, nani kala, na nani kanuniwa. Mji mzuri huo, wajukuu zangu!

Humo aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Mdogo kama panya, miguu kama njiti, lakini pua sasa! Ndefu kama mrija, na haitulii. Watu walikuwa wakimtania njiani.

"Bi Sange! Pua yako tumeiona sokoni, wewe mwenyewe utafika lini?"

Naye hujibu palepale, "Imetangulia kuangalia bei!"

Alikuwa mjane, ana watoto wanne, wote pua hizohizo. Alichoachiwa na mama yake ni kitalu kimoja cha mamumunye. Akiyakausha, akiyakwangua, akitengeneza vibuyu na kata za kuchotea maji. Kitalu hicho ndicho kilichowalisha.

Sasa, siku moja alikuwa mtoni anaosha kibuyu cha zamani. Kilikuwa kimechoka! Ubavuni kilikuwa na ufa alioushona mwenyewe mishono saba kwa uzi wa mkonge. Chini dumuzi wamekitoboatoboa mpaka kimekuwa kama chujio. Akatia pua katika tundu la juu anuse kama kimeoza ndani.

Tobo! Pua ikanasa.

"Uwii!" Akatikisa kichwa huku, akatikisa kule. Kibuyu kikazama majini, glu-glu-glu, kikajaa. Bi Sange akainua kichwa, kibuyu kinaning'inia puani, kimejaa pomoni. Akangoja maji yamwagike, maana chini ni matundu matupu.

Hata tone.

Akatembea nacho mpaka kitaluni, macho yamemtoka. Hata tone! Akakivuta kwa mikono miwili. Pwii! Pua ikachomoka, na papo hapo maji yakashuka, shaaa, manyunyu laini kama mvua ya alfajiri. Mchicha wake ukatikisika majani kwa raha.

"Lo!" akasema Bi Sange. Akakaa chini.

Mjue kwamba siku zile watu walimwagilia kwa ndoo. Unamwaga, bwaa! Miche inalala chali, mbegu zinaelea, unaanza upya. Bi Sange akarudi mtoni, akajaribu tena, safari hii kwa kidole. Ukiziba tundu la juu, maji yanakaa. Ukiliachia, yananyesha. Akaziba, akaachia, akaziba, akaachia, anacheka peke yake kama aliyerogwa.

Akakiita kibuyu cha manyunyu. Mchicha wake ukashinda wa watu wote.

Vichakani kulikuwa na desturi. Mtu akibuni kitu kipya, anakipeleka kwa Bi Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima. Bi Kakakuona huchovya gamba lake moja katika masizi na kukigonga kile kitu muhuri, pa! Ukishapigiwa muhuri, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza kwa masika saba.

"Nenda leo, mama," watoto wakamwambia.

"Nitakwendaje na kibuyu chenye kiraka? Watu watasemaje? Ngoja nitengeneze kipya, kizuri, ndio nikipeleke."

Haya! Kwa kuona haya ya kiraka, akaja kulia.

Maana kesho yake mlango ulitiwa kivuli. "Hodi!"

Alikuwa Mwinyi Kiboko. Huyu bwana alikuwa na jumba la vyumba kumi na kiburi cha vyumba ishirini. Wadogo wa mji wote walimwamkia, "Shikamoo, Mwinyi!" naye hupita zake na tumbo lake, hata "marahaba" hamtupii mtu. Leo amejikunja mlangoni kwa Bi Sange, anatabasamu meno yote manne makubwa.

"Jirani yangu mpenzi! Wakwe zangu wanakuja. Niazime kile kibuyu chako cha kumwagilia, nipendezeshe uwanja."

Bi Sange akasita. Lakini kumnyima jirani chombo ilikuwa aibu kubwa Vichakani, angesemwa mpaka na mbu. Akatoa.

Siku ya nne kibuyu kikarudi. Desturi ni kwamba chombo cha kuazima hakirudi kitupu, basi ndani mlikuwa na konzi ya kunde, nusu yake mabuu.

Na jioni ileile ngoma ikalia mjini, du-du-du! "Sikilizeni! Kibuyu cha manyunyu kimepigwa muhuri! Mwenyewe ni Mwinyi Kiboko! Asikitengeneze mwingine!"

Bi Sange alikwenda mbio, pua mbele, mpaka uwanjani kwa Kiboko. Akachungulia uani. Wajukuu zangu, vibuyu mia moja vimepangwa! Vipya, vinang'aa. Na kila kimoja kina mishono saba ya uzi wa mkonge ubavuni, mahali ambapo hapana ufa wowote.

"Kashona pasipochanika!" akasema Bi Sange. Hakujua acheke au alie. Akafanya yote mawili.

Moja kwa moja kwa Bi Kakakuona.

"Shikamoo, bibi. Kile kibuyu ni changu!"

"Marahaba. Aliyefika kwanza na kitu ni Mwinyi."

"Kaniibia!"

"Usinipigie kelele, nitajikunja." Na kweli, huyu bibi akisikia kelele hujikunja akawa mpira, na shauri linasimama mpaka afunguke. Bi Sange akashusha sauti. Bi Kakakuona akamwambia, "Unaweza kupinga. Siku ya baraza mtasimama wote wawili. Ukishinda, muhuri wako. Ukishindwa, vibuyu vyako vinapondwa, na kitalu chako anapewa Mwinyi kwa kumvunjia heshima. Ndivyo desturi ilivyo. Unapinga?"

Kitalu cha mama! Bi Sange akainua pua.

"Napinga," akasema.

Njiani akirudi akafikiri. Nikisimama barazani nikaonyesha kidole, Mwinyi atasema, "Hasa! Kidole! Ndivyo nilivyokusudia." Atakuwa kaniibia mara ya pili, mbele za watu.

Alipopita nyuma ya ua wa Kiboko akasikia, chururu, chururu, chururu.

"Yanavuja tena!" Mwinyi ananguruma. "Vyote mia vinavuja! Chake kwa nini hakivuji?"

Pua ya Bi Sange ikasimama wima. Ahaa. Kumbe hajui! Umbo kalichukua lote, mpaka kiraka, lakini hajui maji yanakaaje.

Kesho yake, ameketi barazani kwake anachambua mchele, akamwona Bi Kanga anakuja, madoadoa yake yamepigwa maji, mkononi bakuli la vitumbua. Bi Kanga haleti vitumbua bure. Ukimwambia jambo kisimani, litafika nyumbani kabla ya ndoo yako.

"Hodi shoga yangu! Pole na misukosuko. Nimesema nije nikufariji."

"Karibu, mwenzangu. Keti hapa."

Wakala vitumbua. Wakamsema mke wa Ngiri kidogo, maana ilibidi. Kisha Bi Kanga akasogea.

"Shoga. Hivi, tuambiane ukweli, kile kibuyu... kinakaaje na maji na matundu yote yale?"

Bi Sange akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Siwezi kusema."

"Hata mimi? Mimi, niliyekushika mkono siku ulipozaa?"

"Utasema."

"Mimi? Mdomo wangu umeshonwa! Nikisema, manyoya yangu yote yapukutike!"

Bi Sange akavuta pumzi, akamnong'oneza. "Ni adabu."

"Adabu?"

"Kile kibuyu kina heshima zake. Ukishakijaza, kiwekee kiganja utosini, ukifunike, maana kinaona haya utosi ukiwa wazi. Kisha simama mguu mmoja. Mkono wa pili kiunoni. Kiamkie mara tatu, 'Shikamoo kibuyu.' Hapo hakidondoshi hata tone. Ukitaka manyunyu, ondoa kiganja, ujiitikie mwenyewe, 'Marahaba.'"

"We!" Bi Kanga akaruka juu. "We! We! We!"

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" Na huyoo, kakimbia, hata bakuli kalisahau.

Bi Sange akamaliza mchele wake. Halafu akateremka mtoni, akajificha kwenye matete nyuma ya ua wa Kiboko, akachungulia.

Kulikuwa na nini huko! Mwinyi Kiboko, bwana asiyeitikia mtu, kasimama mguu mmoja kama korongo, kiganja juu ya kibuyu, tumbo linayumba.

"Shikamoo, kibuyu... aah!" Puu! Kaanguka. Ua ukatikisika.

Akasimama tena. "Shikamoo kibuyu. Shikamoo kibuyu. Shikamoo kibuyu." Maji yakakaa, maana kiganja chake, kipana kama sinia, kimeliziba tundu gubigubi. Akaondoa. "Marahaba!" Shaaa!

"Mke wangu!" akapiga kelele. "Njoo uone! Kimekubali! Hiki nilikuwa nakinyima heshima tu!"

Bi Sange aliuma matete asicheke.

Siku ya baraza hakubaki mtu nyumbani. Ngiri aliacha chungu jikoni, kikaungua. Nyumbu wamekuja na mikeka. Bi Kakakuona ameketi juu ya kigoda, mbele yake beseni kubwa la maji, vibuyu viwili na chungu cha masizi.

"Atakayepiga kelele, najikunja. Nani anaanza?"

"Mwenye muhuri aanze," akasema Bi Sange kwa sauti ndogo. "Mimi mdogo nitafuata."

"Ana adabu leo," akasema Mwinyi Kiboko, akajitokeza kifua mbele. "Kibuyu hiki nimekibuni mimi, Mwinyi Kiboko, mwana wa Kiboko, mjukuu wa Kiboko! Nilioteshwa usingizini, neno kwa neno. Siri yake, ndugu zangu, ni adabu."

"Onyesha," akasema Bi Kakakuona.

Mwinyi akakizamisha kibuyu, glu-glu-glu. Akakiwekea kiganja. Akanyanyua mguu. Mkono kiunoni.

"Shikamoo kibuyu!"

Ngiri akasema, "Ala! Kumbe anajua kuamkia!"

"Mie huu mwaka wa tisa namwamkia, sijaitikiwa!" akasema Nungunungu.

"Nyamazeni!" akasema Mwinyi. "Shikamoo kibuyu! Shikamoo kibuyu!" Akakiinua juu. Watu wakainama kutazama chini yake. Hata tone. Akazunguka kwa kurukaruka mguu mmoja. Hata tone. "Marahaba!" Shaaa!

Watu wakapiga makofi, maana kweli lilikuwa jambo la ajabu. Watoto wanne wa Bi Sange wakashika nguo ya mama yao, pua zimelegea. Mkubwa wao akanong'ona, "Mama, kitalu kimekwenda."

"Tulia," akasema Bi Sange. Akasogea mbele, mikono nyuma. "Mwinyi, naomba kuuliza. Bila kukiamkia, maji hayakai?"

"Hayakai!"

"Bila kusimama mguu mmoja?"

"Hayakai, we panya wa pua!"

"Na kile kiganja cha utosini?"

Mwinyi akapunga mkono. "Hicho cha kukisitiri haya tu. Ni pambo. Kazi inafanywa na shikamoo!"

"Mnashuhudia?" Bi Sange akawageukia watu.

"Tunashuhudia!"

"Na kama sivyo, Mwinyi?"

"Kama sivyo, nivuliwe muhuri na vibuyu vyangu vyote mia uchukue wewe! Naapa kwa tumbo langu!"

Kilikuwa kiapo kikubwa, tumbo lenyewe mnalijua.

Bi Sange akakamata kibuyu chake, kile cha zamani. Akasimama miguu yote chini, imara. Akakizamisha. Halafu, wajukuu zangu, akaanza kukitukana.

"We kibuyu kibovu! Mamako alikuwa boga la porini! Huna haya, huna adabu, tumbo kubwa kichwa kitupu! Nani akuamkie wewe?"

"Yallah!" akasema Bi Kanga. "Kitamwaga!"

Bi Sange akatia pua katika tundu la juu. Tobo! Akainua kichwa. Kibuyu kinaning'inia puani, kimejaa, matundu yote wazi chini.

Hata tone!

Akapita nacho mbele ya Ngiri. Hata tone. Mbele ya Nungunungu. Hata tone. Watu wamesimama, wengine wamepanda mabegani mwa wenzao. Akafika mbele ya Mwinyi Kiboko, akasimama, akakivuta kwa mikono miwili. Pwii! Shaaa, juu ya vidole vya miguu vya Mwinyi.

"Kinasikia matusi pia?" akauliza Bi Kakakuona.

"Hakisikii lolote, bibi. Ni kibuyu. Siri ni kuliziba tundu la juu. Ziba kwa pua, kwa kidole, kwa unachotaka. Ukiziba, yanakaa. Ukiachia, yananyesha. Sasa Mwinyi akiamkie tena, lakini lile pambo lake alitoe. Mikono yote miwili ubavuni mwa kibuyu."

Mwinyi angekataa vipi? Macho yote yako kwake. Akakijaza, akakishika ubavuni, akanyanyua mguu.

"Shikamoo kibuyu."

Chururu.

"Shikamoo kibuyu!"

Chururururu.

"Shikamoo! Shikamoo, bwana! Shikamoo bibi! Shikamooni nyote!"

Chururururu mpaka tone la mwisho. Akateleza kwenye tope lake mwenyewe, puu! Kigoda cha Bi Kakakuona kikaruka.

"Na haya ya kuamkia," akasema Bi Kakakuona taratibu, "umeyatoa wapi?"

"Nilioteshwa..."

"Nimeyatunga mimi," akasema Bi Sange. "Juzi, nachambua mchele. Nikamwambia mtu mmoja tu."

Vichwa vyote vikageuka.

"Msinitazame!" Bi Kanga akapiga kelele. "Sikumwambia mtu mimi! Nilimwambia Mwinyi tu! Na mkewe! Na wale wa kisimani!"

Hapo ndipo baraza lilipovunjika mbavu. Nyumbu wakagaragara. Ngiri alilia machozi ya kweli. Na Bi Kakakuona, kelele zilipozidi, akajikunja akawa mpira. Ila safari hii mpira wenyewe ulikuwa unatikisika, hi-hi-hi, kwa ndani.

Wakamngoja. Alipofunguka, akajipangusa macho, akachukua kibuyu kimoja cha Mwinyi.

"Swali la mwisho. Tundu hili la juu, Mwinyi, dogo hivi. Mbona ni kipimo cha pua ya sange?"

Mwinyi akajaribu kutia kidole chake, hakikuingia.

"Na mishono hii saba, inashona nini?"

Mwinyi akakitazama kibuyu kama anakiona leo. "Nilidhani," akasema, "ndiyo dawa yenyewe."

"Basi." Bi Kakakuona akaufuta muhuri kwa ukucha. Akachovya gamba kwenye masizi, akakivuta kibuyu cha zamani, chenye ufa, chenye kiraka, chenye matundu ya dumuzi. Pa! "Cha Bi Sange. Masika saba. Na vile mia pia."

Vigelegele! Watoto wanne wakamrukia mama yao, pua nne zikasokotana na ya tano. Walirudi nyumbani wanaongoza msafara, vibuyu mia vichwani mwa watu, na wapiga ngoma walewale waliotangaza uongo wakaulipia uongo huo kwa kutangaza ukweli mpaka wakakauka koo. Mwaka ule Vichakani walikula mchicha mpaka wakauchoka, na kila kitalu kilinyeshewa kwa kibuyu cha Bi Sange. Wenye kuja kujifunza aliwafundisha kuziba tundu kwa kidole. Wengine waliendelea kukiamkia, kwa kujifurahisha tu.

Mwinyi Kiboko je? Alihamia mtoni, akazama mpaka puani, na akisikia hatua za mtu, huzama kabisa. Lakini Bi Sange hakumwacha. Kila asubuhi akija kujaza kibuyu husimama ukingoni, na kusema kwa heshima zote:

"Shikamoo, Mwinyi!"

Siku ya kwanza maji yalinyamaza. Siku ya pili yalinyamaza. Siku ya tatu yakatoa mapovu, blu-blu-blu, na chini kabisa ikasikika sauti nene, ya aibu:

"...Marahaba."

Hadithi imefika mtoni, mimi naiacha ioge. Nanyi shikeni hili moja: anayeiba kazi ya mwenzake huondoka na kibuyu tu, ujuzi akauacha kwa mwenyewe.